Kitovu cha Jagina: Mabadiliko ya Michezo ya Video ya Mashujaa na Faida Yake kwa Mhakiki

Mjadala kuhusu mipaka ya fasihi si mgeni katika idara zetu. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri jijini Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake pachukuliwe na idara itakayoiweka Afrika, pamoja na fasihi simulizi yake, katikati ya masomo. Miaka miwili baadaye Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Kiafrika, alitilia shaka kuwepo kwa utendi barani humu, na Isidore Okpewho akamjibu kwa kitabu kizima mnamo 1979. Kila mara swali lilikuwa lile lile: je, hiki nacho ni fasihi? Na kila mara waliouliza walikuwa na jibu lao tayari kabla ya kukisoma au kukisikiliza kile walichokuwa wakikihukumu.

Swali hilo limerudi kwa sura nyingine. Katika semina moja ya uzamili ambayo mwandishi wa makala hii alihudhuria, mwanafunzi aliwasilisha pendekezo la tasnifu kuhusu usawiri wa shujaa katika michezo ya video. Hakuulizwa lolote kuhusu nadharia wala mbinu za utafiti. Aliambiwa kwamba chuo kikuu si mahali pa michezo ya watoto, kisha akashauriwa atafute riwaya. Alitafuta riwaya, akahitimu, na tasnifu yake imo rafuni hadi leo, sidhani kama imefunguliwa mara mbili. Makala hii haikusudii kumtetea mwanafunzi huyo, kwani pendekezo lenyewe lilikuwa na kasoro zake. Inakusudia kuonyesha kwamba suala alilolishika, hata kama alilishika vibaya, ni suala la kifasihi, tena ni kongwe: jagina asiyeweza kushindwa anasimuliwaje?

Faida zinazotajwa

Anayetaka kuitetea michezo ya video aghalabu hukimbilia maabara. Mnamo 2003 C. Shawn Green na Daphne Bavelier walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba wachezaji wa michezo ya mapigano ya kasi waliwashinda wenzao katika kugawa uangalifu wa macho, na kwamba wasiocheza, walipofunzwa mchezo kwa muda, nao waliboreka. Mnamo 2007 James Rosser na wenzake wa New York waliwachunguza madaktari 33 wanaofanya upasuaji wa kupitisha kamera katika tundu dogo. Wale waliokuwa wamewahi kucheza zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya kazi hiyo. Upande wa pili wa mizani, Shirika la Afya Duniani limeingiza uchezaji uliokosa udhibiti katika orodha yake ya maradhi, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022.

Hoja hizi zina uzito wake, lakini hazimhusu mhakiki kwa namna ya moja kwa moja. Hatuwafundishi wanafunzi wetu Shaaban Robert kwa sababu kusoma kunanoa macho, wala hatuufungi ushairi kwa sababu yupo mtu aliyewahi kukesha nao akashindwa kwenda kazini. Hoja iliyo karibu nasi zaidi ilitolewa na wanasheria. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba michezo ya video inalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu na tamthilia zinavyolindwa, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba michezo hiyo huwasilisha fikra kwa kutumia wahusika, mazungumzo na msuko. Ni jambo la kuaibisha kidogo kwamba majaji waliliona hilo kabla ya idara nyingi za fasihi.

Faida ninayoizungumzia hapa ni nyingine. Masimulizi hutuambia kwamba jagina ana nguvu. Mchezo humkabidhi msikilizaji nguvu hizo na kumwacha azitumie mpaka agundue zinapokomea. Kwa maneno mengine, hadhira hupewa nafasi ya mtendaji, na kwa kutenda huonja mipaka ya kile inachokitenda. Mnamo 1997 Espen Aarseth na Janet Murray, kila mmoja kwa njia yake, walilifikia jambo hili. Aarseth alisisitiza juhudi ambayo matini za aina hii humdai msomaji ili apite ndani yake, naye Murray akazitazama kama jukwaa jipya la drama. Baada yao walizuka walioshikilia kwamba mchezo ni kanuni tu na wengine waliosema ni hadithi tu. Kwa mtu aliyelelewa na fasihi simulizi mvutano huo ni wa ajabu, maana utambaji wa ngano haujawahi kuwa kimojawapo peke yake. Mtambaji ana hadithi. Ana kanuni za fomyula ya kufungulia, kiitikio na zamu. Na ana hadhira ambayo isipoitika, hadithi haisogei.

Jagina asiye na kitovu

Tuanze na tatizo la kiufundi, kwa sababu ndilo lililozaa historia yote inayofuata. Mchezo hauna maana pasipo uwezekano wa kushindwa. Superman, aliyeumbwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, hashindwi. Risasi humgonga na kuanguka, anaruka, anaona kupitia kuta. Mtungaji wa mchezo atampa nini cha kuogopa?

Wahenga wa pwani na wa bara walikwisha kukutana na tatizo hili. Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika utendi ambao Muhammad Kijuma wa Lamu aliunakili, anawashinda watu wa Pate kwa nguvu na kwa ushairi, hata gereza halimzuii. Lakini ana kitovu, na shaba ikichomwa hapo atakufa. Lwanda Magere wa Waluo ana mwili wa jiwe, lakini ana kivuli. Katika simulizi zote mbili udhaifu si kasoro iliyosahaulika katika ujenzi wa mhusika. Ni mlango ambao kupitia kwake watu wa karibu, mwana katika ya kwanza na mke katika ya pili, huingia ndani ya masimulizi. Jagina asiye na kitovu hana jamaa anayeweza kumsaliti, na kwa hiyo hana hadithi.

Mchezo wa Superman uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1979, kazi ya John Dunn, ni miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa ya mashujaa wa aina hii, na unastahili heshima zaidi kuliko inayopewa. Picha zake ni vipande vichache vya rangi. Mchezaji anaanza akiwa Clark Kent, daraja linalipuliwa, anaingia katika kibanda cha simu na kutoka akiwa Superman. Kazi yake ni kulijenga upya daraja, kumtia gerezani Lex Luthor na wafuasi wake watano, kisha kurudi kuwa mtu wa kawaida na kuingia katika ofisi za gazeti lake. Superman huyu hafi. Akiguswa na madini ya kryptonite hupoteza uwezo wa kuruka, akalazimika kutembea kwa miguu mpaka ampate Lois Lane, ambaye humponya kwa busu. Kinachopimwa ni muda tu. Kwa hiyo Dunn alikipata kitovu, tena alikiweka mahali pa kuvutia: jagina anayeanguka anahitaji mtu. Mapenzi, ambayo katika vibonzo vya zamani yalikuwa pambo, hapa yamekuwa kanuni ya mchezo. Sijaona riwaya nyingi za mwaka huo zilizofunga maudhui na fani kwa fundo dogo namna hiyo.

Mchezo wa Spider-Man wa mwaka 1982, uliotungwa na Laura Nikolich, ulichukua njia nyingine. Hapa jagina anapanda jengo kwa utando, na utando huo una kipimo; ukiisha, anaporomoka. Udhaifu umetolewa katika mwili na kuwekwa katika mali. Ni sitiari ya uchumi, na inamfaa Peter Parker, kijana wa mjini asiye na fedha.

Kati ya miaka hiyo na mwisho wa miaka ya 1990 hakuna mengi ya kutuchelewesha. Mashujaa walihamia kwenye mashine za kuchezea kwa sarafu, na mchezo wa X-Men wa kampuni ya Konami mwaka 1992 uliwaruhusu watu sita kusimama mbele ya mashine moja na kupiga kila kilichotokea. Ilikuwa furaha ya pamoja, kama ngoma ya mtaani, lakini tofauti ya jagina mmoja na mwingine ilibakia katika rangi ya mavazi. Mwaka 1999 Superman alirudi katika mchezo wa kampuni ya Titus ambao hadi leo hutajwa miongoni mwa kazi mbovu kuliko zote. Wengi hulaumu picha zake na ugumu wa kumwongoza jagina. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa la kifasihi kabla halijawa la kiufundi. Mchezaji alilazimishwa kumpitisha Superman ndani ya pete zilizoning'inia hewani, huku saa ikihesabu. Pete hazina uhusiano wowote na Superman ni nani. Kitovu kimebandikwa mgongoni.

Mji kama mwili

Mageuzi ya kweli yalitokea pale watungaji walipotambua kwamba mahali pa kuumizwa si lazima pawe mwilini mwa jagina. Mchezo wa Spider-Man 2 wa mwaka 2004, uliotengenezwa na Treyarch, uliachana na utando unaoshika mawingu. Utando sasa ulipaswa kushika jengo lililopo kweli katika Manhattan iliyochorwa, na pasipo jengo jagina hana pa kuning'inia. Katika mji huo wazi watu wana shida zao ndogo, na shida ndogo kuliko zote, ya mtoto aliyeponyokwa na puto, ilijirudia mpaka ikawa kichekesho miongoni mwa wachezaji. Kichekesho hicho kina uzito. Jagina wa utendi hupambana na sultani. Huyu anaitwa na mtoto, na akiwa na haraka ya kumkabili adui mkuu humpita juu kwa juu akijifanya hakumsikia. Nimewahi kumpita. Hakuna adhabu yoyote katika programu kwa kufanya hivyo, lakini sauti ya mtoto hubakia masikioni hadi mtaa wa pili, na sijui ni riwaya gani ingeweza kunitia hatia hiyo, kwa kuwa katika riwaya ni mhusika ambaye angempita mtoto.

Miaka miwili baadaye kampuni ya Electronic Arts ilitoa Superman Returns. Hapa kipimo cha uhai hakikuwekwa juu ya kichwa cha Superman. Kiliwekwa juu ya mji wa Metropolis. Yeye haumii, wanaoumia ni watu na majengo, tena mara nyingine kwa sababu ya ngumi zake mwenyewe zilizokosa shabaha. Wazo hili ni miongoni mwa mazuri zaidi katika historia ya utanzu huu, na inasikitisha kwamba liliangukia katika mchezo dhaifu ambao pambano lake la mwisho ni dhidi ya kimbunga. Kwa wazo hilo swali la nguvu limegeuka swali la utawala. Kiongozi asiyeguswa na lolote hupimwa kwa hali ya wanaoguswa. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa kwa nini swali hilo lina maana katika bara letu.

Ushoroba wa Arkham

Batman hana tatizo la Superman. Ni binadamu, risasi humuua, na hofu ndiyo silaha yake. Mchezo wa Batman: Arkham Asylum, uliotolewa mwaka 2009 na Rocksteady ya London kwa hadithi ya Paul Dini, umejengwa juu ya ukweli huo. Mchezaji hukaa juu ya sanamu za mawe gizani na kuwatazama maadui wenye bunduki. Akiwaangusha mmoja baada ya mwingine pasipo kuonekana, waliosalia huanza kutetemeka na kufyatua risasi ovyo, nao mchezo humwonyesha mchezaji mapigo ya mioyo yao yakipanda. Ni usimulizi wa hofu unaosomwa katika miili ya wengine.

Lakini mahali panapostahili kudumu katika mihadhara yetu ni pale adui aitwaye Scarecrow anapomlevya Batman kwa dawa. Jagina anapita katika ushoroba wa hospitali. Polepole kuta zinabadilika, mvua inaanza kunyesha ndani ya nyumba, na ushoroba unakuwa ule uchochoro ambamo wazazi wake waliuawa. Mchezaji hushtukia kwamba anayemtembeza si mtu mzima mwenye joho tena, ni mtoto. Vitufe ni vile vile. Ukivibonyeza ili upigane, hakuna kinachotokea. Katika riwaya tungeiita mbinu rejeshi na kuendelea. Tofauti ni kwamba hapa kumbukumbu inatembewa kwa miguu, na udhaifu wa mtoto hauelezwi kwa maneno bali kwa vidole vya mchezaji vilivyonyang'anywa nguvu vilivyozizoea kwa saa kadhaa.

Baadaye katika mchezo huo huo Scarecrow anakwenda mbali zaidi. Picha inakwama kana kwamba mashine imeharibika, kisha mchezo unaonekana kuanza upya tangu mwanzo, isipokuwa sasa Joker ndiye anayemwendesha Batman kumpeleka hospitalini akiwa mfungwa. Wengi walidhani mashine zao zimekufa. Ukengeushi wa namna hii, yaani kazi kujitokeza na kumkumbusha mpokeaji kwamba ni kazi iliyotungwa, tumeufundisha kwa kutumia Brecht kwa miongo mingi. Hapa umetumika kuleta hofu, si kuiondoa, na kama mwanafunzi wa semina ile angeanzia hapo, pengine angesikilizwa.

Hata hivyo sifa hizi zisituzibe macho. Hospitali ya Arkham ni ya wagonjwa wa akili, na mchezo unawasawiri wengi wao kama wanyama wa kuwindwa. Mwandishi aliyeweza kumwonyesha Batman kama mtoto aliyejeruhiwa alishindwa kuona majeraha ya wanaolazwa pale. Uhakiki ukiingia katika utanzu huu utakuwa na kazi ya kufanya zaidi ya kupiga makofi.

Chupa moja ya dawa

Kazi ya karibuni zaidi ninayotaka kuigusa ni Marvel's Spider-Man ya kampuni ya Insomniac, ya mwaka 2018. Adui wake mkuu, Otto Octavius, ni mwalimu wa jagina, karibu baba yake, na usaliti unarudi mahali pake pa asili: ndani ya ukoo. Mchezo pia humvua mchezaji nguvu mara kwa mara na kumweka katika mwili wa Mary Jane au wa kijana Miles Morales, ambao hawana budi kunyata na kujificha. Wachezaji wengi walizilalamikia sehemu hizo kwa kuwa zinachosha. Mimi naziona kuwa za lazima, maana ndipo mchezaji anapoujua mji kwa kimo cha watu wanaookolewa.

Mwishoni maradhi yamesambazwa mjini, naye shangazi yake Peter, May, ambaye ndiye aliyemlea, yu mahututi. Ipo dawa chupa moja. Akimpa May, haitabaki ya kutengenezea nyingine. Akiipeleka maabara, mji utapona na May atakufa. Anaipeleka maabara. Mandhari hii imeigizwa vizuri, na May anapomwambia kwamba muda wote alijua yeye ni nani, taharuki inafikia upeo. Nina shaka moja nayo. Katika mchezo ambao kwa saa nyingi umetukabidhi kila ngumi na kila mruko, uamuzi huu peke yake umefanywa pasipo mkono wetu. Tumerudishwa kuwa watazamaji. Yapo maelezo: Peter Parker hawezi kuwa Peter Parker kama angechagua vinginevyo, na mtungaji hakutaka kumwachia mchezaji aiharibu tabia ya mhusika. Lakini basi angalau kitufe kimoja kingetuachiwa, cha kutenda lile lisiloepukika. Mwana wa Liyongo hakuwa na njia nyingine katika msuko wa utendi, na bado ilibidi ashike shaba kwa mkono wake.

Kuna suala la kifo pia. Katika jioni moja ya kucheza, Spider-Man wangu alikufa mara zaidi ya ishirini. Hakuna hata kifo kimoja kati ya hivyo kilichotokea katika hadithi. Kifo hapa ni kosa linalofutwa, na mchezaji hurudishwa hatua chache nyuma ajaribu tena. Jesper Juul ameandika kitabu kizima, mwaka 2013, juu ya fumbo la watu kutafuta kwa hiari shughuli inayowafanya washindwe. Ninachoongeza ni kwamba tendi zetu ziko upande wa pili kabisa. Liyongo anakufa mara moja. Anapiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, na watu wa Pate hawathubutu kuteka maji kwa sababu hawajui kwamba amekwisha kufa. Mama yake analetwa kumsihi. Hiyo ndiyo kilele cha ushujaa wake, nacho kinatendwa na maiti.

Kibandani

Katika mitaa ya miji yetu michezo hii huchezwa vibandani, kwa malipo ya muda au ya mchezo mmoja mmoja. Kandanda ndiyo hutawala, lakini mashujaa nao hupata zamu. Aliyezoea kusoma makala za ng'ambo hudhani mchezaji yuko peke yake chumbani. Kibandani nyuma ya mchezaji mmoja husimama watano au sita, wanaoshauri, wanaokejeli, wanaolijua jengo lililo mbele kuliko yeye. Mchezaji akianguka hao ndio hupiga kelele, na kelele zao hubadilisha anachofanya baadaye. Fanani, hadhira na utendaji wapo, na mtafiti mwenye daftari na subira angeweza kuanzia hapo kesho asubuhi.

Waafrika nao wamekwisha kuanza kutunga. Kampuni ya Leti Arts, yenye mizizi Ghana na Kenya, imewageuza mashujaa wa masimulizi ya Kiafrika kuwa wahusika wa vibonzo na wa michezo ya simu. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa mwaka 2016 mchezo wa Aurion, unaomhusu mwana wa mfalme aliyepinduliwa siku ya harusi na kutawazwa kwake, na ambaye nguvu zake hutokana na urithi wa mababu na humhitaji mke wake Erine kando yake. Udhaifu umerudi kuwa uhusiano, kama ulivyokuwa kwa Dunn mwaka 1979, ingawa Erine ana kazi kubwa zaidi ya busu.

Utendi wa Liyongo haujapata mchezo unaoulingana, nami nimejaribu kuuwaza. Kutoroka gerezani kungekuwa rahisi: mkate wenye tupa ndani, ngoma na makofi ya kuficha sauti ya chuma kinachokatwa, mchezaji akisaga kwa kufuata mdundo. Ugumu unaanzia mwana anapokuja na swali lake. Liyongo anajua ametumwa, na bado anamwambia kitovu. Mtungaji atalazimika kuamua wakati huo vitufe viwe mikononi mwa nani: baba anayejibu, mwana anayeuliza, au mama ambaye bado yuko mbali na kisima.